Matabisi ya Kinyozi Lukumani

Ukinunua mchele katika soko la Kasongo bila kuomba matabisi, muuzaji atakutazama mara mbili, atafikiri umeshuka jana kwenye pikipiki. Matabisi ni kile kidogo cha juu: konzi moja ya mchele baada ya kipimo kujaa, kasamaki kamoja juu ya fungu, ndizi moja nje ya kichane. Si sadaka wala si rushwa, ni adabu tu ya watu wanaojuana. Lakini tuseme ukweli, hakuna mtu mjini aliyeyapenda matabisi kama Lukumani, kinyozi wa karibu na msikiti. Huyo alitaka matabisi hata kwenye chai: vijiko vinne vya sukari, kisha cha tano cha kuvisindikiza.

Na kama alivyopenda kupokea, ndivyo alivyotoa. Kiti chake kilikuwa siti iliyong'olewa kwenye Land Rover ya zamani, imepigiliwa juu ya mbao nne mbele ya kioo chenye ufa. Ukikaa pale anakunyoa, anafuta povu, halafu anarudia kichwa kizima upya bila kuulizwa, na juu ya hayo anakupa habari mbili tatu za mjini. Kwa watoto wachanga ndiyo usiseme. Miaka thelathini familia za Kiislamu za Kasongo zilimpelekea watoto wao siku ya saba, siku ya kupewa jina na kutolewa nywele za tumboni. Wembe ulipita mara ya kwanza, nywele zikaanguka. Mara ya pili ilikuwa matabisi, kichwa king'ae. Hakuwahi kumtoa mtoto hata tone moja la damu, na hilo alilisema mwenyewe kwa kila aliyekuwa na masikio.

Basi, mwaka juzi mke wake Aicha akafariki kwa homa ya siku tano tu, na kinyozi akanyamaza. Alinyoa watu mara moja, bila kurudia, bila habari. Hapo ndipo mji ulipojua mambo yameharibika. Baadaye akaacha hata kufungua. Aliamka asubuhi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa ameshika kiatu kimoja, na adhuhuri ikamkuta bado amekishika.

Alipokwenda hospitali alikwenda kwa ajili ya tumbo, maana tumbo mtu anaweza kulitaja bila aibu. Akaangukia mikononi mwa mama Clémentine, muuguzi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesomea mambo ya huzuni na mawazo. Clémentine hakuliuliza tumbo maswali mengi. Alimwuliza kama analala. Lukumani akafungua mdomo amjibu, yakatoka machozi badala ya maneno, na muuguzi akamwachia muda wake wote. Daktari akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, na kila mwezi aende akae na Clémentine waongee.

Vidonge hivyo havikufanya kazi siku ya kwanza wala ya kumi. Wiki ya tano hivi, asubuhi moja, kinyozi alijikuta amevaa viatu vyote viwili na anamcheka jogoo wa jirani. Akafungua duka. Mteja wa kwanza alinyolewa mara mbili, na habari zilisambaa hadi upande wa pili wa soko kwamba Lukumani amerudi.

Amerudi vipi, hakumwambia mtu. Mwanaume wa umri wake, anayejua siri za vichwa vyote vya mji, ataanzaje kusema kwamba anakunywa dawa ya huzuni? Kila mwezi alipofunga kwenda hospitali alisema anakwenda kwa ajili ya jino. Miezi ikapita kumi na zaidi. Iliasi, mnunuzi wa dhahabu aliyehamia mjini kutoka Salamabila, alimwuliza kwa uso mkavu, "Mzee, kwani wewe Mungu alikupa meno mangapi?"

Na hospitali nako, unafikiri aliacha tabia yake? Alipokabidhiwa vidonge vya mwezi wa pili alivihesabu, akabaki amesimama, mkono wazi.

"Mama Clémentine, hutaongeza hata kimoja? Matabisi."

"Baba, hii si mchele," Clémentine alimjibu, akafunga kabati.

Alicheka, akaenda zake. Lakini mkono ule uliobaki wazi Clémentine aliukumbuka.

Mwaka huu binti yake wa pekee, Sifa, akawa mjamzito, mimba ya kwanza. Alimwambia baba yake mapema kwamba akizaa msichana atamwita Aicha. Lukumani alifurahi hadi akamnyoa mtu bure, kisha akaingiwa na hofu. Aliiona siku ya saba: wageni wamejaa uani, kichwa kidogo mikononi mwake, jina la mkewe linatamkwa. Je, huzuni ikirudi palepale? Je, akianza kulia juu ya utosi wa mtoto, wembe mkononi? Kidonge kimoja kilitosha kunyoa madereva wa pikipiki. Kwa siku kama ile alitaka akiba.

Akiba ilimfuata kwenye kiti. Souleymane, mfanyabiashara wa vitenge, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, alikuwa ametoka Bukavu na mzigo, na ndani ya mzigo mlikuwa na maboksi madogo ya tembe yenye picha ya mwanamke anayecheka katikati ya maua ya njano. Yalikuwa yameandikwa kwa Kifaransa: Joie Naturelle, furaha ya asili, nyongeza ya chakula.

"Ni majani tu na mbegu," Souleymane alisema akiwa na povu kidevuni. "Haiko dawa hii. Mimi mwenyewe ninakunywa, magoti yananisikia. Lakini wewe hunywi dawa nyingine ya hospitali, sivyo?"

Swali lilikuwa zuri, lazima tumpe Souleymane haki yake. Lukumani alitazama kioo, akaona macho ya rafiki yake yanamtazama.

"Dawa gani?" alisema. "Labda ya jino."

Souleymane akamwachia boksi bure, kwa sababu wakati wa kulipa kinyozi alikuwa ameshamnyoa mara tatu. Tangu siku ile Lukumani alikunywa kidonge cha Clémentine asubuhi, na tembe mbili za Souleymane baada ya wali wa mchana. Clémentine hakujua habari za majani, Souleymane hakujua habari za kidonge. Mtu mmoja tu katikati yao alijua yote mawili, naye alijiona mjanja kuliko wote wawili.

Siku nne hivi mambo yalikuwa sawa. Ya tano akaamka ameloa jasho kama amebeba gunia. Tumbo likaanza kumkimbiza. Miguu ilikataa kutulia, aliketi, ikamwinua. Moyo ulidunda bila sababu, na mikono, ile mikono ya miaka thelathini, ikaanza kutetemeka. Alimwambia Souleymane kwamba hajisikii vizuri. Souleymane, kwa mapenzi yote, akamwambia labda mwili bado haujazoea, aongeze ziwe nne.

Kuongeza? Hilo Lukumani hakuhitaji kubembelezwa.

Aliyelipia ni Iliasi. Alikaa kwenye kiti asubuhi ya Jumatano, akanyolewa ndevu za shavu la kulia vizuri kabisa, kisha akaona kwenye kioo wembe unavyokuja upande wa kushoto. Ulikuja huku unacheza. Iliasi alinyanyuka taratibu, akavua kitambaa shingoni, akasema amekumbuka ana mtu anamngoja. Alitembea mjini na nusu ya ndevu. Upande wa pili wa soko kulikuwa na kijana mwenye mashine ya umeme wa jua ambaye angemmaliza kwa dakika moja, lakini Iliasi alikataa kabisa kukalia kiti cha mtu mwingine. Alijifunga skafu usoni katika joto lile, akasema ana mafua.

Kesho yake, Alhamisi, Sifa alijifungua hospitali. Msichana. Lukumani alifika mbio, jasho likimtiririka, na Sifa, amechoka na anang'aa, akamnyooshea mtoto aliyevingirishwa kwenye kitenge.

"Mushike, baba. Huyu ndiye Aicha wako."

Lukumani aliitazama mikono yake. Akaificha nyuma.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nitamshika siku nyingine."

Sifa alimrudisha mtoto kifuani, akageukia ukutani. Alifikiri baba yake hakutaka jina la mama yake lirudi nyumbani, na jambo hilo lilimuuma kuliko uchungu wa kuzaa.

Kinyozi alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za wodi. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilitafuta wa kumwangukia, ikakiona kidonge cha hospitali. Nini kingine? Majani ni majani, bibi zetu walikunywa majani. Hizi kemikali za kabati la hospitali ndizo zilizompiga. Akatoa kikaratasi cha vidonge mfukoni na kusimama aende chooni akavitupe vyote shimoni. Alikwenda hatua tano, sita. Kisha akakumbuka kiatu. Akakumbuka alivyokishika asubuhi nzima bila kujua cha kukifanyia. Alisimama katikati ya ua wa hospitali, kikaratasi kinatetemeka mkononi, akishindwa kwenda mbele wala kurudi. Ndivyo Clémentine alivyomkuta.

Muuguzi hakungoja salamu. Alishika kifundo cha mkono wake, akatazama saa, akatazama jasho, akatazama miguu isiyotulia.

"Baba, tangu lini?"

"Siku tano. Sita. Ni kidonge chako, mama, kimenigeuka."

"Kwa zaidi ya mwaka hakijakugeuka. Unakunywa nini kingine?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Chai. Wali. Samaki za Nyangwe."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. Mwanamke huyu alikuwa amekaa na mtu huyu kila mwezi, alimjua.

"Na matabisi, baba?" alimwuliza taratibu. "Matabisi ulikwenda kuomba wapi?"

Lukumani alijaribu kuvumilia. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa boksi la mwanamke anayecheka.

Clémentine alisoma maandishi madogo ya pembeni, karibu na pua, akisogeza kidole. Millepertuis: hayo ndiyo maua ya njano. Griffonia: mbegu za mti fulani. Akamkalisha kinyozi kwenye benchi.

"Sikia. Unapika pilau, unatia chumvi yako. Halafu shemeji anapita, hajui, naye anatia ya kwake. Kidonge chako kinaongeza kitu fulani kichwani, kinachosaidia moyo usizame. Haya majani yameongeza kitu kilekile. Kimezidi. Mwingine asiyekunywa dawa yangu labda angeyanywa yasimfanye kitu. Wewe, hapana. Na ingefika kwenye homa kali na mwili kukakamaa, tusingekuwa tunaongea hapa."

"Lakini si dawa, mama. Wameandika nyongeza ya chakula."

"Kitu chenye nguvu ya kukupa furaha kina nguvu ya kukutetemesha pia. Hata yakiwa majani tu, mimi unaniambia."

Daktari alimlaza wodi ya wanaume kwa siku tatu, akamwekea serumu ya mshipani, akasimamisha vyote viwili, tembe na kidonge, huku wakimpima moyo na joto asubuhi na jioni. Clémentine akamweleza vizuri kwamba kidonge kitarudi, ila daktari ndiye atakayesema siku, na kukitupa chooni mwenyewe ndilo kosa la pili ambalo Mungu alimwepusha nalo. Wembe asiushike hadi yeye amruhusu. Iliasi alimtembelea na skafu yake. Akauliza hali ya jino.

Siku ya tatu alitoka, mikono imepungua kutetemeka lakini bado. Zilibaki siku chache siku ya saba ifike. Na hapo bahati ikamletea mlango wa kutokea: mume wa Sifa, anayefanya kazi kwenye machimbo ya Salamabila, akapiga simu kwamba pikipiki imemfia njiani upande wa Wamaza na daraja limekatika, hawezi kufika kwa wakati. Watu wakasema basi, jina litolewe siku ya saba, kunyoa kunaweza kungoja hadi ya kumi na nne, dini haikatazi. Unaona? Hakuna wa kumwuliza kinyozi chochote. Angekaa kimya, angepona polepole, na jino lingeendelea kuwa jino.

Siku ya saba watu walijaa uani kwa Sifa. Maalim alisoma dua, mtoto akaitwa Aicha, wali ukapakuliwa. Lukumani alikaa pembeni, mikono ameikalia. Sifa alimwamkia kwa adabu zote, na baridi yote. Kisha Souleymane akasimama, mtu wa watu, kanzu imepigwa pasi, akaanza kutoa zawadi zake: kitenge kimoja, sabuni mbili, na juu yake, kama matabisi, boksi dogo lenye mwanamke anayecheka.

"Hii ni ya mama mzazi," alisema. "Unanyonyesha, hulali, umechoka. Kunywa mbili kila siku. Majani tu."

Sifa alinyoosha mkono kupokea.

Lukumani alijikuta amesimama kabla hajaamua. Alivuka mkeka, akakanyaga sahani ya mtu, akaweka mkono wake juu ya boksi, na watu wote wakauona mkono unavyotetemeka.

"Usipokee, binti yangu. Waulize hospitali kwanza. Mimi hizi zimenilaza wodini."

"Wewe ulilazwa kwa ajili ya jino," Souleymane alisema.

Kinyozi hakuondoa mkono kwenye boksi. Alikuwa amesema maneno mengi katika maisha yake, na karibu yote yalikuwa ya watu wengine.

"Mimi sijawahi kuumwa jino," alisema. "Tangu mama Sifa atuache ninakunywa dawa ya huzuni. Kila siku, moja. Ndiyo iliyoniinua kitandani. Souleymane aliniuliza kama nina dawa nyingine, nikamficha. Muuguzi aliniuliza, nikamficha. Nimezichanganya hizi na ile, mwili ukaharibika. Sifa, siku ile sikukataa kumshika mtoto. Niliogopa nitamwangusha."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Wazee waliangalia wali. Ndipo sauti ikatoka ndani ya skafu.

"Kwa hiyo karafuu nilizokununulia za kutafuna, miezi yote hiyo, ulizipeleka wapi?"

"Nilitia kwenye pilau," Lukumani alisema.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Sifa. Alicheka huku machozi yanamtoka, na baada yake ua mzima ukacheka, hata maalim, aliyejifanya anakohoa. Mama mmoja wa jirani akasogea karibu na kinyozi, akamwuliza kwa sauti ya chini huyo muuguzi anapatikana siku gani. Souleymane hakucheka. Alikuwa ameketi, boksi mapajani, anasoma maandishi madogo aliyokuwa hajawahi kuyasoma. Kesho yake alionekana akipita nyumba kwa nyumba kwa wote aliowapa, akiuliza mmoja mmoja: unakunywa nini kingine? Aliwapeleka watatu kwa Clémentine yeye mwenyewe, na maboksi yao mkononi.

Siku ya kumi na tatu Clémentine alimwambia Lukumani anyooshe mikono mbele, vidole wazi, akalaza juu yake karatasi moja nyepesi. Wakaitazama wote wawili. Karatasi ilitulia. Kidonge kilikuwa kimesharudishwa siku aliyoisema daktari, kimoja kila asubuhi, na mkono wa kinyozi haukubaki wazi baada ya kukipokea.

Siku ya kumi na nne mkwe alikuwa amefika na matope hadi magotini. Iliasi alileta mizani yake ndogo ya dhahabu, ile inayotumia vijiti vya kiberiti badala ya mawe ya kupimia, ili nywele zipimwe na sadaka itoke kwa uzito wake. Alikuja bila skafu, kwa sababu asubuhi na mapema alikuwa mtu wa kwanza kukalia siti ya Land Rover, upande wa kushoto ukamalizwa.

Sifa alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. Lukumani alilowesha kile kichwa kwa maji ya uvuguvugu, akafungua wembe mpya, akasema bismillahi. Huzuni aliyoiogopa ilikuja kweli. Ilikuja jina la Aicha lilipotajwa, ikakaa karibu naye, na mikono ikaendelea na kazi. Nywele zilianguka kwenye kitambaa cheupe, nyeusi, nyepesi mno. Kwenye mizani ya Iliasi kijiti kimoja cha kiberiti kilizishinda. Tone la damu halikutoka.

Alipomaliza mara ya kwanza akafuta wembe, akaufunga. Watu walingoja. Nyuma ya sikio la mtoto vilibaki vinywele vitatu vinne.

"Baba," Sifa alisema, "na matabisi?"

Lukumani aliviona vile vinywele. Kisha akaweka wembe chini.

"Imetosha," alisema, akanyoosha mikono yote miwili. "Sasa nipe nimushike."